Kutoka Poti Sambamba hadi USB: Historia ya Vifaa vya Kuandikia Mikrokontrola na Suala la Kuvitumia katika Kompyuta za Leo

Ikisiri

Insha hii inachunguza, kwa mkabala wa kihistoria, sababu zinazofanya baadhi ya vifaa vya zamani vya kuandikia mikrokontrola vikubali kufanya kazi katika kompyuta za leo na vingine vikatae. Uchunguzi umejikita katika maelezo ya kiufundi ya watengenezaji wa chipu, viwango rasmi vya mawasiliano ya kompyuta na programu huria zilizoandikwa na watumiaji. Vifaa vitatu vimeteuliwa kuwa mifano: JDM, PICSTART Plus na STK500. Insha inabainisha kwamba umri wa kifaa hautoshi kueleza hatima yake. Mambo mawili ndiyo yenye uzito zaidi: kwanza, mahali ilipowekwa kazi ya kupanga muda, ama ndani ya kompyuta ama ndani ya kifaa chenyewe; pili, kujulikana kwa itifaki ambayo kifaa hutumia kuzungumza na kompyuta. Insha inahitimisha kwa kuonesha umuhimu wa suala hili kwa mwanahistoria, kwa kuwa programu iliyomo ndani ya chipu ni chanzo cha historia ambacho hakisomeki bila kifaa chake.

1.0 Utangulizi

Mikrokontrola ni kompyuta ndogo iliyokamilika ndani ya chipu moja. Ina kichakataji, kumbukumbu na njia za kupokelea na kutolea ishara. Hupatikana katika mita za umeme, vidhibiti vya pampu za maji, mashine za kufulia, mizani na vyombo vya maabara. Ili chipu hiyo itekeleze kazi iliyokusudiwa, sharti kwanza programu iandikwe katika kumbukumbu yake. Uandishi huo hufanywa na kifaa maalumu ambacho upande mmoja kimeunganishwa na kompyuta na upande wa pili kimeshika chipu.

Tatizo linalochunguzwa hapa hutokana na tofauti ya umri kati ya pande hizo mbili. Mashine inayoongozwa na mikrokontrola yaweza kudumu miaka 20 au 30. Kompyuta ya mezani hubadilishwa mapema zaidi, na kila inapobadilishwa huja na matundu mengine, mfumo endeshi mwingine na masharti mengine. Chipu ya mashine hiyo inapoharibika, fundi aweza kuwa na faili la programu, chipu mpya ya aina ileile na kifaa cha kuandikia kilichotunzwa kabatini, na bado akakosa njia ya kuviunganisha. Katika hali hiyo mashine nzima hutupwa kwa sababu ya chipu yenye miguu 18.

Jibu la haraka ambalo hutolewa ni kwamba kifaa kimezeeka. Insha hii inalipinga jibu hilo. Vifaa viwili vilivyotengenezwa katika muongo mmoja, kwa kutumia tundu la aina moja, vimepata hatima mbili tofauti. Kwa hiyo uzee peke yake si sababu ya kutosha, na ni wajibu wa mwanahistoria kutafuta sababu hiyo katika maamuzi ya usanifu yaliyofanywa wakati vifaa hivyo vilipobuniwa.

1.1 Istilahi na Mipaka ya Insha

Neno "kuandika" limetumika hapa kwa maana ya kuingiza programu katika kumbukumbu ya chipu, na "kifaa cha kuandikia" ni chombo kinachofanya kazi hiyo. "Poti" ni tundu la kompyuta pamoja na saketi iliyo nyuma yake. "Poti sambamba" hupeleka biti nane kwa pamoja katika nyaya nane, na "poti mfuatano" hupeleka biti moja baada ya nyingine katika waya mmoja. "Itifaki" ni makubaliano ya lugha na utaratibu ambao pande mbili hutumia kupashana habari.

Uchunguzi umejifunga katika kompyuta za jamii ya IBM PC na familia mbili za mikrokontrola, yaani PIC ya Microchip na AVR ya Atmel. Familia hizo zimeteuliwa kwa sababu maelezo ya namna ya kuziandika yalitolewa hadharani na watengenezaji wake, jambo linalomwezesha mtafiti kukagua kila dai.

2.0 Namna Chipu Ilivyoandikwa, 1976 hadi 1993

Mwaka 1976 Intel ilitoa familia ya 8048, na ndani yake chipu ya 8748 iliyokuwa na kumbukumbu ya EPROM. Programu iliandikwa kwa umeme na kufutwa kwa mwanga wa urujuanimno uliopita katika kidirisha kidogo cha kioo juu ya chipu. Kufuta kulichukua dakika kadhaa chini ya taa maalumu. Kuandika kulihitaji volti za juu kuliko zile za matumizi ya kawaida na nyaya nyingi za data na anwani. Kwa sababu hiyo vifaa vya kuandikia vilikuwa ghali, na makazi yake yalikuwa viwandani na katika maabara kubwa.

Hali ilibadilika mwaka 1993, Microchip ilipotoa PIC16C84. Kumbukumbu ya programu ya chipu hiyo ilikuwa ya aina ya EEPROM, ambayo hufutwa na kuandikwa upya kwa umeme bila taa wala kidirisha. Ilikuwa na nafasi ya maneno 1,024 ya biti 14 kila moja. La muhimu zaidi kwa mada hii ni kwamba iliandikwa kwa njia ya mfuatano. Waya mmoja ulibeba data, waya wa pili ulibeba saa, na mguu wa tatu ulipewa volti takriban 13 ili kuiarifu chipu kuwa inaandikwa. Mrithi wake, PIC16F84, alitumia kumbukumbu ya flashi na kudumisha utaratibu uleule.

Mabadiliko hayo yalipunguza ukubwa wa kifaa cha kuandikia hadi vipande vichache vya saketi. Mwanafunzi mwenye chuma cha kulehemu, transista mbili tatu na kompyuta aliweza kujitengenezea. Hata hivyo, urahisi huo ulikuwa na gharama iliyojificha. Kazi iliyotolewa katika kifaa haikutoweka. Ilihamishiwa katika kompyuta. Kompyuta ndiyo iliyolazimika kuinua na kushusha kila waya kwa zamu yake na kuhesabu muda wa kungoja.

3.0 Poti Zilizokuwa Wazi

Uhamisho huo uliwezekana kwa sababu ya umbo la kompyuta ya wakati ule. IBM PC ilipotolewa mwaka 1981, poti zake zilikuwa na anwani zilizojulikana na kila mwandishi wa programu. Poti sambamba ya kwanza mara nyingi ilikuwa katika anwani ya heksadesimali 378, na poti mfuatano ya kwanza katika 3F8. Chini ya mfumo wa DOS, programu yoyote iliweza kuandika namba katika anwani hiyo, na mara moja nyaya za tundu zikabadilika. Hapakuwa na mlinzi mlangoni.

Poti sambamba ilikusudiwa kwa ajili ya printa. Waandishi wa programu za mikrokontrola waliiona kuwa safu ya swichi: nyaya nane za kutoa ishara, nyaya kadhaa za kupokea, na kasi ya takriban mikrosekunde 1 kwa kila badiliko. Poti mfuatano nayo ilikusudiwa kwa ajili ya modemu, lakini nyaya zake za udhibiti, yaani zile za kuarifu kwamba kompyuta iko tayari au inaomba kutuma, ziliweza kupandishwa na kushushwa na programu vilevile. Matumizi yote mawili yalikuwa nje ya kusudi la awali, na yote mawili yalitegemea uwazi ambao haukuwa umeahidiwa na mtu yeyote.

4.0 Kufungwa kwa Njia

Njia hiyo ilifungwa kwa hatua tatu, kila moja ikiwa na sababu yake halali.

Hatua ya kwanza ilitokana na mfumo endeshi. Windows NT, iliyotolewa mwaka 1993, ilitumia uwezo wa kichakataji wa kuzuia programu za kawaida zisiguse poti moja kwa moja. Lengo lilikuwa kuzuia programu moja mbovu isiiangushe kompyuta nzima. Windows 95 na 98 ziliendelea kuruhusu njia ya zamani, hivyo watumiaji wengi wa nyumbani hawakuhisi badiliko hilo hadi Windows XP ya mwaka 2001 ilipoleta msingi wa NT katika kompyuta zao. Tayari mwaka 1996 jarida la Dr. Dobb's Journal lilikuwa limechapisha mbinu ya draiva ndogo iitwayo giveio, iliyofungua tena ruhusa ya poti ndani ya NT. Draiva za namna hiyo ziliviongezea vifaa vya zamani miaka kadhaa ya uhai.

Hatua ya pili ilitokana na tundu lenyewe. Toleo la kwanza la USB lilitangazwa mwaka 1996, na mwaka 1998 Apple ilitoa iMac isiyokuwa na poti za zamani. Watengenezaji wa kompyuta za jamii ya PC walifuata pole pole, wakianza na kompyuta za mapajani. USB ilirahisisha maisha ya mtumiaji wa kawaida, lakini haikuwa na anwani ya 378 wala 3F8. Mawasiliano yake hupangwa katika vifurushi, na katika kasi ya megabiti 12 kwa sekunde vifurushi hivyo hugawanywa katika vipindi vya milisekunde 1.

Hatua ya tatu ilitokana na mifumo ya biti 64. Matoleo ya Windows ya biti 64 yaliacha kuendesha programu za biti 16, na kwa hiyo programu nyingi za enzi ya DOS zilikataa kufunguka. Kuanzia Windows Vista, iliyowafikia wanunuzi mwaka 2007, matoleo ya biti 64 yalidai pia kwamba kila draiva inayoingia katika kiini cha mfumo iwe na sahihi ya kidijitali. Draiva ndogo zilizoandikwa na watu binafsi bila sahihi hiyo zilibaki nje. Kwa hiyo mbinu iliyoutegua mtego wa hatua ya kwanza ilinaswa na mtego wa hatua ya tatu.

5.0 Mifano Mitatu

5.1 JDM: Saa Ndani ya Kompyuta

Kifaa kijulikanacho kwa jina la JDM kilibuniwa Denmark, na jina lake ni herufi za mwanzo za jina la mbunifu wake. Kilienea sana miongoni mwa wapenzi wa mikrokontrola za PIC kwa sababu hakikuhitaji chanzo cha umeme. Kilipata umeme wake wote kutoka katika nyaya za poti mfuatano.

Ubunifu wake unastahili kuelezwa. Chipu ya PIC huhitaji volti takriban 13 ili iingie katika hali ya kuandikwa, ilhali waya wa poti haukuweza kutegemewa kutoa kiasi hicho ukipimwa kutoka ardhi ya kompyuta. Katika JDM, ardhi ya kompyuta huunganishwa na mguu chanya wa chipu, na mguu hasi wa chipu hushushwa hadi volti 5 chini ya ardhi hiyo. Kwa mpangilio huo, waya unaotoa volti 8 juu ya ardhi huonekana kwa chipu kuwa na volti 13. Kilichokuwa kipungufu kikageuzwa kuwa nyenzo.

Kifaa hiki ndicho chenye matatizo mengi zaidi katika kompyuta za leo. Mtumiaji anapokichomeka katika adapta ya USB ya poti mfuatano, vikwazo vitatu hujitokeza. Kikwazo cha kwanza ni anwani: programu ya zamani huitafuta poti katika 3F8 na haikuti kitu, kwa kuwa adapta hufikiwa kupitia mfumo endeshi pekee. Kikwazo cha pili ni volti. Kiwango cha RS-232 humtaka mtumaji atoe volti kati ya 5 na 15, chanya au hasi. Kompyuta za mezani za zamani zilizoea kutoa volti zinazokaribia 12, kwa kuwa volti hizo zilikuwamo tayari katika ugavi wao wa umeme. Adapta inayotoa volti 5 au 6 haijavunja kiwango, lakini JDM hukwama. Mbunifu aliegemea desturi ya mashine za wakati wake, na desturi hiyo haikuwa sehemu ya kanuni.

Kikwazo cha tatu ni muda, nacho chaweza kukadiriwa kwa hesabu. Ili kuandika neno moja katika PIC16F84, kompyuta hutuma amri ya kupakia yenye biti 6 na data ya biti 16, kisha amri ya kuanza kuandika ya biti 6, kisha hungoja takriban milisekunde 10. Baadaye hutuma amri ya kusoma ya biti 6, hupokea biti 16 ili kuhakiki, na humaliza kwa amri ya biti 6 ya kusogea neno linalofuata. Jumla ni biti 56. Kwa maneno 1,024 tunapata biti 57,344, na kwa kuwa saa hupanda na kushuka katika kila biti, waya wa saa hubadilika mara 114,688. Katika poti ya zamani, ambako badiliko huchukua takriban mikrosekunde 1, mabadiliko hayo yote humalizika kwa sehemu ya kumi ya sekunde, na muda mwingi, kama sekunde 10, hutumika kuingoja chipu. Katika adapta ya USB, endapo kila badiliko litachukua milisekunde 1 pekee, waya wa saa peke yake utahitaji takriban sekunde 115, kabla ya kuhesabu waya wa data.

Chipu yenyewe huvumilia mwendo huo wa kobe, kwa kuwa hufuata kupanda na kushuka kwa saa bila kujali urefu wa kipindi. Hivyo kikwazo cha tatu huchelewesha kazi, ilhali viwili vya kwanza huizuia kabisa. Tofauti hii ni muhimu, kwani mtumiaji anayeulaumu muda peke yake hutafuta programu yenye kasi zaidi na kuacha kupima volti.

5.2 PICSTART Plus: Saa Ndani ya Kifaa, Itifaki Isiyozoeleka

PICSTART Plus kilitengenezwa na Microchip yenyewe, na kama JDM, kilitumia poti mfuatano. Tofauti ni kwamba ndani yake mlikuwa na mikrokontrola iliyofanya kazi ya kupanga muda. Kompyuta ilituma amri na data kama maandishi ya kawaida ya RS-232, na kifaa kikaamua chenyewe lini ipande saa na lini ishuke. Umeme wake ulitoka katika adapta ya ukutani.

Kwa upande wa maunzi, kifaa hiki hakikuathiriwa sana na ujio wa USB. Adapta ya poti mfuatano inayoshughulikia ipasavyo nyaya za udhibiti hutosha, kwa kuwa kinachopita ndani yake ni baiti, na kazi ya adapta ni kupitisha baiti. Volti 5 hazina tatizo, na kuchelewa kwa milisekunde chache hakuna madhara.

Kikwazo chake kilikuwa katika programu. Kifaa kiliendeshwa na MPLAB, mazingira ya kazi ya Microchip kwa ajili ya Windows. Mrithi wake, MPLAB X, hakukirithi kifaa hiki. Mtumiaji aliyebaki nacho ana njia mbili. Ya kwanza ni kutunza toleo la zamani la MPLAB, pengine ndani ya kompyuta bandia yenye Windows XP, na kuipitishia adapta. Ya pili ni kutumia programu huria. Watumiaji wa Linux walisikiliza mazungumzo kati ya MPLAB na kifaa, wakayaandika, na kutokana nayo wakaunda programu iitwayo picp. Kazi hiyo ya kusikiliza na kunukuu hufanana na ya mwanaisimu anayeandika sarufi ya lugha kwa kuwasikiliza wazungumzaji wake. Iliwezekana kwa sababu wazungumzaji wote wawili walikuwa bado hai.

5.3 STK500: Saa Ndani ya Kifaa, Itifaki Iliyochapishwa

STK500 kilikuwa ubao wa Atmel wa kufundishia na kuandikia mikrokontrola za AVR, familia iliyotokana na kazi ya Alf-Egil Bogen na Vegard Wollan mjini Trondheim, Norway. Nacho kilitumia poti mfuatano na kupanga muda kwa mikrokontrola yake ya ndani. Lakini Atmel ilifanya jambo la ziada: ilichapisha itifaki yake katika hati iitwayo AVR061, na baadaye toleo la pili katika AVR068.

Matokeo ya uchapishaji huo yalivuka mipaka ya kifaa. Programu huria ya avrdude, iliyoanzishwa na Brian Dean kwa ajili ya FreeBSD, ilikipokea STK500, na hadi leo avrdude huendeshwa katika Windows, Linux na macOS. Mradi wa Arduino, ulioanzia Ivrea nchini Italia mwaka 2005, ulihitaji lugha ya kupakia programu katika bodi zake, na ulichukua itifaki ya kwanza ya STK500 pamoja na avrdude. Kwa hiyo mwanafunzi anayepakia programu katika Arduino Uno huifanya kompyuta yake izungumze lugha ya ubao ambao huenda hajawahi kuuona. Atmel ilinunuliwa na Microchip mwaka 2016, lakini lugha hiyo ilikuwa imekwisha kupata watunzaji wengine.

6.0 Mjadala

Mifano hiyo mitatu inalingana katika mambo mengi. Yote ilitumia poti mfuatano, yote ilihusu chipu ndogo za biti 8, na yote ilikutana na USB. Ilitofautiana katika mambo mawili tu yenye uzito. JDM kiliiachia kompyuta kazi ya muda, na kompyuta ilipobadilika, kifaa kilibaki yatima. PICSTART Plus kiliibeba kazi hiyo chenyewe, hivyo kilinusurika kimaunzi na kutegemea juhudi za watu wa nje kwa upande wa programu. STK500 kiliibeba kazi hiyo na lugha yake ikawekwa hadharani, hivyo kilinusurika pande zote mbili.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Itifaki ya kuandika chipu ya PIC ilichapishwa tangu mwanzo, na michoro ya JDM ilisambaa bila siri. Kwa nini basi uwazi haukukiokoa? Jibu ni kwamba kulikuwa na itifaki mbili. Ile kati ya kifaa na chipu ilikuwa wazi. Ile kati ya kompyuta na kifaa haikuwapo kabisa. Mahali pake palikuwa na anwani, volti na mikrosekunde za mashine fulani ya wakati fulani. Uwazi huhifadhi kile kilichosemwa. Jambo lililotegemewa kimyakimya halina maandishi ya kufunguliwa.

Ufafanuzi huu una manufaa ya vitendo. Mtu anayetaka kufufua kifaa cha zamani aanze kwa kuuliza saa iko wapi. Ikiwa imo ndani ya kifaa, adapta nzuri ya poti mfuatano na programu inayoijua itifaki vyaweza kutosha. Ikiwa imo ndani ya kompyuta, adapta ya USB haitafaa au itafaa kwa shida, na adapta ya USB ya poti sambamba haitafaa kamwe, kwa kuwa imeundwa kuhudumia printa. Hapo zimebaki njia tatu. Ya kwanza ni kutunza kompyuta ya zamani. Ya pili ni kutia kadi ya PCI yenye poti halisi na kutumia programu inayoruhusu anwani kubadilishwa, kwa sababu kadi hizo mara nyingi hupewa anwani tofauti na 378. Ya tatu ni kuihamisha saa, yaani kuweka mikrokontrola ya kisasa kati ya USB na chipu. Programu ya ArduinoISP ni mfano wa njia ya tatu: huigeuza bodi ya Arduino kuwa kifaa cha kuandikia AVR, tena kwa kutumia lugha ileile ya STK500.

7.0 Umuhimu kwa Utafiti wa Historia

Faili la programu ya mikrokontrola kwa kawaida huhifadhiwa katika umbo la Intel HEX, lililotokana na kazi ya Intel katika miaka ya 1970. Ni maandishi ya kawaida: kila mstari huanza na nukta pacha na kuishia na namba ya kuhakiki. Faili la miaka 30 iliyopita husomwa leo bila shida. Mara nyingi, hata hivyo, faili limepotea na nakala pekee imo ndani ya chipu. Kumbukumbu za EPROM, EEPROM na flashi hutunza habari kwa chaji za umeme, na chaji hizo hupungua kadiri miaka inavyopita. Chipu iliyofungwa kwa biti ya ulinzi haitoi programu yake hata kwa kifaa kizima. Kwa zilizosalia, kifaa cha kuandikia ndicho pia kifaa cha kusomea. Kikikosa kompyuta, chanzo kimefungwa.

Msomi wa Kiswahili anaifahamu hali inayofanana na hii. Baada ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuundwa mwaka 1930 na hati za Kilatini kushika shule na ofisi, miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu haikuchomwa wala kufutwa. Mingi imehifadhiwa hadi leo, ikiwemo ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilichopungua ni idadi ya watu wanaoweza kuisoma. Kutunza maandishi bila kutunza usomaji wake ni kutunza nusu ya chanzo.

Mfano mwingine wa nyumbani unahusu uwazi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Watafsiri hawakuhitaji kuomba msimbo kwa mwenye mali, kwa kuwa ulikuwa huria. Kanuni iliyowawezesha wao ni ileile iliyoiwezesha STK500 kuishi ndani ya Arduino: aliyekuja baadaye alikuta mlango haujafungwa.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Insha hii imeonesha kwamba kushindwa kwa kifaa cha zamani cha kuandikia mikrokontrola katika kompyuta ya leo kuna historia inayoweza kufuatiliwa. Kati ya mwaka 1993 na 2007 mfumo endeshi, tundu na ulinzi wa draiva vilibadilika kwa sababu halali. Vifaa vilivyokuwa vimeegemea tabia za kompyuta viliachwa, na vile vilivyoegemea ujumbe ulioandikwa vilivuka.

Mapendekezo mawili yanafuata. Kwanza, vyuo na karakana zinapoweka kumbukumbu za mitambo yao, faili la HEX liambatane na jina kamili la chipu, aina ya kifaa cha kuandikia, toleo la programu iliyokiendesha na volti zilizopimwa katika poti. Pili, maktaba na makumbusho zinazopokea kompyuta za zamani zisitenganishe mashine na vifaa vyake vidogo vya pembeni, hata vikionekana kuwa vya thamani ndogo. Kompyuta ya mwaka 1995 yenye poti sambamba inayofanya kazi ni ufunguo wa vyanzo vingi kuliko vile vilivyomo katika diski yake. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu mikrokontrola zilizomo katika mitambo ya umma ya Afrika Mashariki ambayo bado inatumika, kabla chaji za kumbukumbu zake hazijafifia na kabla waliokuwa na ujuzi wa kuziandika hawajastaafu.